Kipato Kinachoyumba: Mwongozo kwa Watengeneza Maudhui Mtandaoni

Pesa ya mtengeneza maudhui hupita katika mikono kadhaa kabla ya kumfikia. Kuna jukwaa linaloamua video ionekane kwa nani, kuna mtangazaji anayeamua kulipa kiasi gani, na kuna serikali inayoweka kodi na masharti. Jukwaa na mtangazaji hubadili uamuzi bila kumuuliza. Ndiyo maana chaneli yenye watazamaji walewale na bidii ileile inaweza kuingiza fedha nzuri Novemba, kisha Februari ikatoa nusu yake au chini ya hapo.

Ushauri unaosikika zaidi ni kuongeza kasi: kupandisha video kila siku, kuingia laivu kila jioni, kutafuta kiki. Kasi huongeza watazamaji kwa muda, lakini haipunguzi kuyumba, kwa sababu maamuzi yanabaki mikononi mwa walewale. Kinachopunguza kuyumba ni kujua kila shilingi inategemea uamuzi wa nani, kisha kuhakikisha kwamba hakuna mwamuzi mmoja anayeweza kuzikata zote kwa siku moja.

Namna majukwaa yanavyolipa

YouTube ndiyo yenye utaratibu ulio wazi zaidi. Ili kulipwa kwa matangazo, chaneli inahitaji wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi za Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Tangu Juni 2023 kuna daraja la chini linaloanzia wafuasi 500, lakini hilo hufungua vitu kama michango ya mashabiki na uanachama, si mgawo wa matangazo. Katika video ndefu mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo. Kwa Shorts mgawo ni asilimia 45 ya fungu linalogawanywa kwa kufuata idadi ya kutazamwa. Fedha hutoka kila mwezi kupitia AdSense, mradi salio limefika dola 100. Chaneli changa inaweza kukaa miezi mitatu au minne bila malipo, si kwa sababu haikuingiza kitu, bali kwa sababu haijafika kiwango hicho.

Bei ya tangazo haitegemei ubora wa video peke yake. Mtazamaji aliyeko Ujerumani au Marekani huvutia tangazo ghali kuliko aliyeko Tabora au Kisumu, kwa kuwa makampuni yanayomtafuta yana bajeti kubwa. Maudhui ya Kiswahili hutazamwa zaidi Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo, kwa hiyo mara elfu moja za kutazamwa huleta fedha kidogo kuliko zile zinazotangazwa na watu wa Marekani kwenye video zao za "nimelipwa kiasi gani". Kuziiga hesabu hizo ni kujidanganya. Msimu nao una nguvu. Robo ya mwisho ya mwaka bei hupanda kwa sababu makampuni yanamaliza bajeti na kuuza bidhaa za sikukuu, na Januari hushuka ghafla. Anayelifahamu hilo hasaini mkataba wa kupanga nyumba ya gharama kubwa kwa kutazama malipo ya Desemba.

TikTok ni habari nyingine. Mpango wake wa kulipa kwa kutazamwa umefunguliwa katika nchi chache tu, na Tanzania na Kenya hazimo. Kinachoingia huku ni zawadi za laivu, ambazo jukwaa hukata sehemu yake kubwa, pamoja na dili zinazotafutwa nje ya jukwaa lenyewe. Azziad Nasenya wa Kenya alivuma mwaka 2020 kwa kucheza wimbo "Utawezana" wa Femi One na Mejja. Umaarufu ulipatikana TikTok, lakini kazi zilizofuata, zikiwemo za utangazaji wa redio na ubalozi wa bidhaa, zilitoka kwingine. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, TikTok ni mahali pa kujulikana kuliko mahali pa kulipwa, na ratiba ya kazi ipangwe kwa kuzingatia hivyo. Facebook ilifungua malipo ya matangazo kwa watengeneza maudhui wa Kenya mwaka 2024. Kabla ya hapo, mtu aliyekuwa na wafuasi laki tano Nairobi hakuwa na njia ya kulipwa hata senti kwa matangazo ya jukwaa hilo, huku mwenzake wa nchi nyingine mwenye wafuasi elfu hamsini akilipwa.

Kupanga vyanzo kwa kufuata mwamuzi

Zoezi la kwanza ni la karatasi moja. Upande wa kushoto huandikwa kila chanzo cha fedha cha miezi 12 iliyopita na kiasi chake. Upande wa kulia, mbele ya kila chanzo, huandikwa jina la anayeweza kukizima. Hapo mambo hujitokeza. Mtu mwenye chaneli ya YouTube, blogu ya Blogger na matangazo ya AdSense hudhani ana vyanzo vitatu, kumbe ana mwamuzi mmoja, Google. Mwenye Instagram, ukurasa wa Facebook na kundi la wateja WhatsApp naye yuko chini ya Meta peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021 huduma hizo tatu zilizimika pamoja kwa takriban saa sita duniani kote, na aliyekuwa akichukua oda za keki kupitia WhatsApp baada ya kuzitangaza Instagram hakuwa na pa kumwarifu mteja.

Mwamuzi anaweza pia kuwa dola. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021 kuelekea uchaguzi mkuu, na kufungwa huko kukaendelea kwa miaka. Tanzania mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025. India ilipiga marufuku TikTok Juni 2020, pamoja na programu nyingine nyingi za Kichina, na mamilioni ya watu waliokuwa wamejenga jina huko walilipoteza kwa usiku mmoja. Marufuku hiyo ina upande wake wa pili, tena wa Kitanzania. Kili Paul, kijana wa Kimaasai anayeigiza kuimba nyimbo za filamu za Kihindi, alipata mashabiki wengi India kupitia Instagram wakati TikTok haipatikani tena huko. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimtunuku, na Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja katika hotuba yake ya redio. Angeweka video zake TikTok peke yake, mashabiki hao wasingemwona.

Kuweka video ileile katika majukwaa mawili au matatu ya wamiliki tofauti kwa hiyo ni kinga ya bei nafuu. Haimaanishi kuwepo kila mahali. Mtu mmoja asiye na wasaidizi hawezi kuhudumia majukwaa sita vizuri, na akijaribu atachoka kabla ya mwaka kwisha. Majukwaa mawili yanayotunzwa vizuri na la tatu la akiba, ambalo video hupandishwa tu bila kuhangaikiwa, yanatosha.

Kinga yenye nguvu zaidi ni fedha inayotoka moja kwa moja kwa mtazamaji au mteja. Mchekeshaji wa Kenya Njugush, ambaye jina lake lilikuzwa na video fupi za mtandaoni, aliandaa pamoja na mkewe Celestine Ndinda maonyesho ya jukwaani ya TTNT yaliyolipiwa tiketi. Abel Mutua, mwandishi wa filamu anayesimulia visa kwenye YouTube, aliwapeleka wasikilizaji wake kwenye kumbi za sinema mwaka 2022 kwa filamu ya Click Click Bang. Wote wawili waliyatumia majukwaa kama mbiu, kisha wakauza kitu ambacho bei yake walipanga wenyewe.

Si lazima kuwa na ukumbi. Anayefundisha mapishi anaweza kuuza darasa la Jumamosi kwa watu ishirini. Anayetengeneza video za kilimo anaweza kuuza kijitabu cha kalenda ya kupanda nyanya, kwa malipo ya Lipa Namba au Till. Aliyejifunza kuhariri video kwa ajili ya chaneli yake ana ujuzi unaohitajika na makanisa, shule, maharusi na maduka, na huenda kazi hiyo ikamlipa vizuri na kwa uhakika kuliko matangazo. Wapo wanaoona kuhariri harusi ya mtu ni kushuka hadhi. Hadhi hailipi kodi ya nyumba.

Orodha ya watu

Wafuasi ni wa jukwaa. Hata wakiwa laki nane, mwenye ukurasa hana simu ya hata mmoja wao, na ukurasa ukifungwa hawezi kuwaambia amehamia wapi. Kwa sababu hiyo, kila mtengeneza maudhui anahitaji orodha iliyo nje ya majukwaa, yaani namba za simu au barua pepe za watu waliokubali wenyewe kutafutwa. Orodha ya watu 600 walionunua kitu ina thamani kuliko wafuasi elfu sitini waliobonyeza kitufe.

Orodha hujengwa polepole kwa kutoa kitu kidogo chenye maana: ratiba, mapishi yaliyochapwa, punguzo la tiketi. Ihifadhiwe kwenye faili la mwenyewe, si ndani ya kundi la WhatsApp pekee, kwa sababu namba ikifungiwa kundi nalo huondoka. Ujumbe hutumwa kwa SMS za jumla au barua pepe. Tovuti ndogo yenye anwani ya .co.tz au .co.ke iliyosajiliwa kwa jina la mhusika hukamilisha mpango huo, kwani ndiyo anwani pekee inayobaki ileile majukwaa yanapobadilika.

Kukusanya namba za watu kuna sheria zake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa ufupi, mtu aombwe ridhaa, aelezwe namba yake itatumika kwa nini, na aweze kujiondoa. Kununua orodha ya namba kutoka kwa mtu mwingine ni kosa la kisheria, na pia ni kupoteza fedha.

Dili za makampuni

Dili moja inaweza kuzidi matangazo ya miezi sita, na ndiyo maana wengi huingia wakiwa na haraka. Makosa makubwa hufanyika katika mambo manne ambayo mkataba wa kurasa mbili ungeyazuia.

La kwanza ni muda wa malipo. Makampuni makubwa na mawakala wao huzoea kulipa siku 30, 60 hata 90 baada ya ankara. Mtengeneza maudhui asiye na malipo ya awali anakuwa ameikopesha kampuni tajiri bila riba. Nusu kabla ya kazi na nusu baada ya kuchapishwa ni ombi la kawaida na halina aibu. La pili ni matumizi: kulipwa kuweka video kwenye ukurasa wake si sawa na kuiruhusu kampuni kuitumia kwenye mabango na televisheni. Hayo hulipiwa mbali, na kwa muda unaotajwa. La tatu ni upekee. Kifungu cha kutofanya kazi na mshindani kwa mwaka mzima kinaweza kumfungia mtu sekta nzima, kwa mfano mitandao yote ya simu, na bei yake lazima ilingane na kazi anazozikosa. La nne ni marekebisho. Idadi ya mara kampuni inaweza kurudisha video irekebishwe itajwe, la sivyo kazi ya siku mbili itakuwa ya wiki tatu.

Makampuni yaliyo rasmi hudai nyaraka. Tanzania huhitajika TIN na, biashara ikifikia kiwango cha kisheria, risiti ya EFD. Kenya huhitajika PIN ya KRA na ankara ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 kampuni isiyo na ankara hiyo haiwezi kuidai gharama hiyo kwenye hesabu zake za kodi. Mtu mwenye wafuasi wachache na nyaraka kamili mara nyingine huchukua kazi mbele ya nyota asiye na hata namba ya mlipakodi.

Kuhusu kiki, yatosha kusema kwamba ugomvi wa kupangwa huongeza watazamaji na kufukuza makampuni ya benki, bima na vyakula vya watoto, ambayo ndiyo hulipa vizuri.

Mshahara wa kujilipa

Kipato kikishapita mikononi mwa waamuzi hao wote, linabaki jambo moja ambalo mhusika analimiliki kabisa: namna ya kukitoa. Utaratibu ulio rahisi ni kuwa na akaunti mbili. Ya kwanza hupokea kila kitu. Ya pili ni ya nyumbani, nayo hupokea mshahara uleule tarehe ileile kila mwezi.

Kiasi cha mshahara hakitokani na wastani wa mapato, bali na miezi dhaifu. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtu wa Dodoma ambaye, baada ya kutoa kodi na gharama za kazi, alipata kwa miezi sita mfululizo shilingi 900,000, 400,000, 1,700,000, 600,000, 2,600,000 na 1,000,000. Jumla ni 7,200,000 na wastani ni 1,200,000. Akijilipa wastani huo, mwezi wa kwanza tu tayari ameshindwa. Badala yake achukue miezi mitatu ya chini kabisa, yaani 400,000, 600,000 na 900,000, ambayo wastani wake ni kama 633,000, na ajilipe 630,000. Mwezi wa kwanza unabakiza 270,000. Wa pili unapungukiwa 230,000, lakini akiba ya mwezi uliotangulia inaziba. Mwisho wa miezi sita amelipwa 3,780,000 bila kukopa, na akaunti ya kwanza ina 3,420,000. Hiyo ni zaidi ya miezi mitano ya mshahara, tosha kumvusha hata jukwaa likifunga chaneli yake ghafla.

Mshahara upandishwe mara moja au mbili kwa mwaka kwa kurudia hesabu hiyo, kamwe si katikati ya mwezi ulionona. Akiba ya miezi mitatu ya kwanza ikae benki au kwenye simu, mahali pa kufikika. Ya ziada inaweza kwenda kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS Tanzania au mifuko ya soko la fedha Kenya. Fedha hizo huzaa kidogo, na kwa mwenye mkono mwepesi, muda unaopita kabla ya kuzitoa ni msaada. Chama na VICOBA vinafaa ikiwa mchango wa kila mwezi unalingana na mwezi mbaya wa mwanachama, si na mwezi mzuri.

Ajira ya namna hii haina mwajiri wa kukata michango. NSSF za nchi zote mbili hupokea wanaojiajiri. Kenya, asiye na ajira rasmi huchangia Mamlaka ya Afya ya Jamii kwa asilimia 2.75 ya kipato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Simu na kamera hurekebishika haraka kuliko mgongo wa mtu anayehariri saa kumi kwa siku.

Kodi hukatwa katika sehemu mbili, na nyingi ya lawama kwamba "YouTube imekula hela" hutoka hapa. Google huzuia kodi ya Marekani kwa mapato yanayotokana na watazamaji waliopo Marekani. Kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na nchi hiyo, kiwango ni asilimia 30 ya sehemu hiyo tu. Lakini asiyejaza fomu ya W-8BEN anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote ya dunia nzima. Kujaza fomu huchukua dakika chache. Sehemu ya pili ni ya nyumbani: Kenya tangu Julai 2023, na Tanzania tangu sheria ya fedha ya 2024, anayemlipa mkazi kwa maudhui ya kidijitali huzuia asilimia 5. Cheti cha kodi iliyozuiwa kidaiwe kila mara na kutunzwa, kwa kuwa bila cheti hakuna cha kuonyesha mamlaka ya kodi wakati wa kuwasilisha hesabu.

Akaunti ni ya nani

Vijana wengi wamefunguliwa chaneli na meneja, studio au binamu mwenye kompyuta, kwa barua pepe ya huyo aliyefungua. Siku wakigombana, kijana hugundua kwamba kwa upande wa jukwaa yeye si mwenye chaneli hata kidogo. Barua pepe ya msingi, namba ya kurejeshea na akaunti ya AdSense ziwe kwa jina la mtengeneza maudhui, lilelile lililo kwenye akaunti yake ya benki. Msaidizi apewe nafasi ya meneja ndani ya mipangilio ya chaneli, si nywila. AdSense hairuhusu mtu mmoja kuwa na akaunti mbili, kwa hiyo aliyewahi kufungua akaitelekeza aitafute ile ya zamani kabla ya kufungua nyingine.

Wadukuzi wanaowalenga watengeneza maudhui hujifanya kampuni. Hutuma ofa ya dili yenye faili la "mkataba" au programu ya kujaribu, na likifunguliwa kwenye kompyuta huiba uthibitisho wa kuingia uliohifadhiwa kwenye kivinjari, hata penye ulinzi wa hatua mbili. Ulinzi huo bado ni wa lazima, lakini faili za wasiojulikana zifunguliwe kwenye kifaa kisicho na akaunti ya kazi. Nakala za video zote ziwe kwenye diski ya nje, na nyingine kwenye nyumba tofauti.

Kufungiwa kuna utaratibu wake. YouTube huondoa chaneli inayopata adhabu tatu ndani ya siku 90, iwe za hakimiliki au za kanuni za jamii, na muziki wa watu uliowekwa chini ya video ndio huwaponza wengi. Chaneli ikiondolewa kwenye mpango wa malipo, rufaa hukatwa ndani ya siku 21, na ikikataliwa kuomba upya huwezekana baada ya siku 90. Katika kipindi hicho mambo hufanywa kwa mpangilio huu: kupiga picha kila ujumbe uliotumwa na jukwaa, kukata rufaa moja iliyoandikwa kwa utulivu na kutaja video husika, kuijulisha orodha ya watu mahali pa muda pa kufuatilia kazi, kuziarifu kampuni zenye mikataba inayoendelea kabla hazijasikia kwa wengine, na kuendelea kujilipa mshahara uleule kutoka akaunti ya kwanza. Wanaojiita mawakala wa kufungua akaunti kwa malipo ni matapeli karibu wote. Rufaa halisi hailipiwi, na hufanyika ndani ya akaunti yenyewe au kupitia fomu ya jukwaa husika.